Mtaa Uliopakwa Zambarau

Wenzake chuoni walimwita Maswali. Jina lilitoka shule ya msingi, siku mwalimu wa hesabu aliposhika kichwa kwa mikono miwili akauliza mbele ya darasa zima, "Wewe mtoto, maswali yote haya unayatoa wapi?" Darasa likacheka, na kabla jua halijazama mtaa ulikuwa umeshalipata. Hata mama yake, fundi cherehani aliyekuwa na jina zuri tu la kwake, akageuka Mama Maswali, na jina la zamani likabaki kwenye kitambulisho, likisubiri siku za benki na hospitali.

Sasa mtoto yule alikuwa mwanamke mzima, mwaka wa mwisho chuoni, akisomea masoko. Alikuwa amechelewa kuanza. Baada ya shule alikaa miaka kadhaa kwenye cherehani ya pili dukani kwa mama yake, akishona mashati ya shule na kuziba mifuko ya suruali za watu, kwa hiyo alipoingia ukumbini kwa mara ya kwanza alikuwa mkubwa kuliko nusu ya waliokaa mbele yake. Hilo halikumtisha. Mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kwenda juu, na wenzake wakiuona walikuwa wanajiegemeza vizuri vitini, maana walijua kipindi hakitaisha kwa wakati.

"Mteja hanunui bidhaa," mhadhiri wao alipenda kusema, akitembea huku na huku na chaki mkononi ingawa ubao wa chaki ulishaondolewa zamani. "Mteja ananunua hadithi."

"Mwalimu," akasema Maswali, "na kama hadithi ni nzuri lakini zipu imekatika?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mhadhiri naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kukubaliwa.

Maswali alilipenda somo lake. Hilo lieleweke mapema, maana yaliyofuata yangeweza kumfanya mtu adhani alilichukia. Alikuwa amekulia chini ya meza ya kukatia nguo, katikati ya vipande vya vitambaa, akisikiliza sauti za wanunuzi kabla hajawahi kuona nyuso zao. Alijua sauti ya mtu anayetaka bei ipungue na sauti ya mtu anayetaka tu kubembelezwa. Chuo kilimpa majina ya vitu alivyovijua bila majina, na kila jina jipya lilimfurahisha kama mtu aliyewashiwa taa katika chumba anacholala kila siku.

Somo alilolipenda kuliko yote lilihusu mienendo ya walaji: nini watu wanakitaka leo, nani amewafundisha kukitaka, na kesho watakitaka nini. Akiwa dukani alilisoma bila kitabu. Wateja wa siku hizi hawaji na kitambaa peke yake, wanakuja na simu. Wanamnyooshea fundi kioo chenye picha ya gauni, wanasema, "Nishonee hili hili, usibadilishe kitu." Mama yake huitazama picha, halafu humtazama mwenye simu kuanzia mabegani hadi miguuni, halafu huirudia picha kwa uso wa mtu anayesoma habari za msiba.

"Hili hili?"

"Hili hili, mama."

"Haya. Ila huyu wa kwenye simu, tangu avae hajakaa chini. Wewe utakaa?"

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama barabara. Cherehani ya mama ilikaa dirishani kwa ajili ya mwanga. Nje, juu ya ukuta mweupe uliokwisha kuwa rangi ya maziwa ya chai, kulikuwa na gauni jekundu lililochorwa kwa rangi ya mafuta. Mama alilichora mwenyewe mwaka aliofungua, akiwa juu ya kiti cha kuazima, kwa rangi iliyobaki kwenye kopo la kinyozi. Hakupiga mstari wala hakupima, yeye ambaye kwa kitambaa hawezi kukata bila kupima. Alianza na mkono wa kulia, akauteremsha kwa raha zake, akashuka kiunoni, akapanda na mkono wa kushoto, na hapo ndipo akakutana na dirisha. Mkono wa kushoto ukaishia kwenye kiwiko.

Watu walimcheka mpaka wakachoka. "Mama Maswali, hilo gauni unalimaliza lini?" Naye alijibu, "Mwenyewe bado hajaja kupimwa." Lakini mtaa ule haukuwa na namba za nyumba wala majina ya njia, na mtu akimwelekeza mgeni alimwelekeza kwa alichokiona: mlango wa kijani wa duka la dawa, kiatu kikubwa cha bati kilichoning'inia kwa fundi viatu, vichwa vya wanaume wenye masharubu kwenye ukuta wa kinyozi, gauni la mkono mmoja. Nje ya hapo hapakuwa na anwani.

Muhula wa mafunzo kwa vitendo ulipofika, Maswali alipangiwa kampuni ya soda. Soda yenyewe ilikuwa mpya, ya rangi ya zambarau, tamu kiasi cha kukufanya utafute maji. Ofisi ilikuwa ya vioo, yenye viti vya zambarau, mazulia ya zambarau, na jokofu lililojaa chupa ambazo wafanyakazi walikuwa wameshazichoka na kuzipita kama fanicha. Msimamizi wake alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kamba za viatu za zambarau, aliyeweza kulitia neno chapa katika sentensi yoyote. Mtaani baadaye walimwita Bwana Chapa, naye alidhani ni sifa.

"Dada yangu, mambo ya matangazo ya redio yamepitwa," alimwambia siku ya kwanza. "Sasa hivi chapa inahamia alipo mteja. Tunachukua mtaa mzima. Duka baada ya duka, ukuta baada ya ukuta, zambarau tupu. Mtu akiingia mtaani, anaingia ndani ya chupa yetu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, kaka. Mtaa gani?"

Akautaja mtaa wao.

Mpango ulikuwa mwepesi kueleza. Kampuni inakupakia duka rangi, inakuwekea kibao kipya, na wewe hutoi chochote. Juu ya kibao jina la soda linakaa kwa herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake jina la duka lako, kwa herufi za kusoma kwa kuinama. Kazi ya Maswali ilikuwa kuzunguka na karatasi za makubaliano. "Mtaa ukikamilika wote," Bwana Chapa akasema, akipunguza sauti kama anayempa siri ya familia, "kuna nafasi ya kudumu hapa. Nafasi hiyo naiona ina sura yako."

Jioni hiyo alimweleza mama yake. Mama aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akajaribu tena, akakosa, mwishowe akamkabidhi binti sindano amtungie. Halafu akasema, "Ofisi ya vioo. Haya, Mungu ni mwema."

Maswali akaifanya kazi, na akaifanya vizuri. Duka la dawa walisaini, kinyozi akasaini, mwenye duka la vipuri vya baiskeli akasaini huku anatafuna. Fundi viatu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mzee mwenye utani usioisha, aliuliza swali moja tu.

"Na kiatu changu cha bati?"

"Kitashushwa, mjomba. Ila utapata kibao kipya cha kisasa."

"Wewe ndiye unayeniambia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi leta kalamu. Nilikujua hujaota meno, utaniuzia mbuzi kwenye gunia leo?"

Wote walisaini hivyo. Hakuna aliyeisoma karatasi, walikuwa wanausoma uso wake. Yeye mwenyewe alilitambua jambo hilo wakati ule ule, lakini kazi ilikuwa inakwenda na sifa zilikuwa zinamiminika. Duka la mama yake aliliacha la mwisho. "Kwetu kupo tu," alimwambia Bwana Chapa kila alipoulizwa. "Kwetu nitamalizia."

Wapaka rangi walikuja na ngazi na mapipa yao, na kusema kweli, siku ya kwanza mtaa ulipendeza. Kuta zilizokuwa zimechubuka zikawa laini, milango ikang'aa, watoto wakapiga picha. Mtaa ulionekana kama umeoga. Katikati ya zambarau yote lile gauni jekundu lilibaki peke yake, limechakaa, na mkono wake mmoja.

Vurugu zilianza taratibu. Mwanamke mmoja aliingia kwa kinyozi na gurudumu la baiskeli lililopinda, akamkuta mwanaume amepakwa povu kidevuni, akaomba radhi, akatoka, akaingia kwa fundi viatu. Mtu aliyetumwa viatu vya bosi wake aliviacha duka la dawa, na mwuza dawa, aliyekuwa na wateja wengi, akavipokea bila kuangalia. Na wote, kila saa ya Mungu, walikuwa wanaulizwa soda. Kwa fundi viatu, soda. Kwa kinyozi, soda. Wakati duka lililokuwa na soda yenyewe lilikuwa moja tu, kule mwisho, nalo jokofu lake lilikuwa bovu.

"Msomi!" fundi viatu alimwita asubuhi moja Maswali akipita. "Njoo hapa unieleze. Mimi ni nani?"

"Mjomba, umeamkaje?"

"Nimeamka soda. Kijana ameingia sasa hivi, nimeshika nyundo, misumari iko mdomoni, mbele yangu kuna kiatu kimepasuka kama mamba. Ananiambia, 'Nipe ya baridi.' Nikamwambia, baridi ninayo ya mgongo, unaitaka?"

Maswali alicheka, na mzee naye alicheka, lakini cha mzee kilikatika mapema. "Wateja wangu wa zamani wananipita, mwanangu. Wanapita hapa wanatafuta kiatu. Nawaita kwa majina, wanashtuka kama nimetokea kaburini. Unajua siku hizi nawaelekezaje? Nawaambia, njoo mpaka kwenye gauni la mama yako, halafu mlango wa pili."

Kumbe hata wengine walikuwa wanafanya hivyo. Duka la dawa lilikuwa mkabala na gauni. Kinyozi alikuwa ukishapita gauni. Mtaa mzima ulikuwa unaning'inia kwenye ule ukuta mmoja kama nguo kwenye msumari.

Maswali akaanza kusimama penye kona, baada ya saa za kazi, akiuliza wapita njia. Alifundishwa namna ya kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni, na alifanya alivyofundishwa. Alinyoosha kidole dukani akauliza, "Hapa wanauza nini?" Soda, walisema. Na hapa? Soda. Na pale? Pale, hata sijui, soda pia. Alikuwa akiuliza hivyo alipomwona mama mmoja kijana akija mbio mbio, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimeanguka upande kwa homa. Mama yule alilipita duka la dawa. Akafika mwisho wa mtaa, akageuka, akalipita tena, macho yakirukaruka kutoka zambarau hadi zambarau. Maswali alimkimbilia, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Aliporudi penye kona hakuuliza mtu mwingine. Alisimama tu. Alikuwa amefundishwa kwamba tangazo zuri humsaidia mtu kuona. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna tangazo la kukuonyesha kitu, na kuna tangazo la kukuzuia usione kingine, na kwamba yote mawili hulipiwa kutoka mfuko mmoja na kupewa sifa katika mkutano mmoja. Soko alilolijua yeye, lile la chini ya meza, lilikuwa mahali ambapo watu wanatafutana: mwenye nguo iliyopasuka anamtafuta mwenye sindano. Hawa wa soda walikuwa wamesimama katikati ya wanaotafutana, wakawafunga vitambaa usoni, na kukiita kitambaa hicho biashara ya kisasa.

Wasilisho lake la kumaliza mafunzo lilifanyika katika ofisi ya vioo. Bwana Chapa alikuwepo na wenzake wawili, na mhadhiri alikuja kutoka chuoni kumtahini, akapewa chupa ya zambarau, akaishika muda wote bila kuifungua. Maswali alisimama mbele yao akaeleza alichokiuliza, alivyouliza, na walivyojibu. Alisema, "Tuliwaonyesha watu duka la dawa wakasema ni soda. Tukawaonyesha fundi viatu wakasema ni soda."

Bwana Chapa akapiga meza kwa furaha. "Umesikia, mwalimu? Karibu wote! Mimi nimefanya kazi hii miaka, sijawahi kuona chapa ikishika namna hiyo. Dada yangu, hayo ndiyo mafanikio!"

Wenzake wakapiga makofi. Maswali akangoja makofi yaishe.

"Sijamaliza," akasema.

"Endelea, endelea."

"Soda yenyewe hawainunui. Wanaikumbuka na hawaipati, na dawa wanaihitaji na hawaioni. Maduka yote tuliyoyapaka yamepoteza wateja, na waliosaini walisaini kwa sababu mimi ni mtoto wao. Kaka, tulipaka mtaa mzima ili tuonekane, sasa hakuna kinachoonekana isipokuwa ukuta mmoja ambao hatujaupaka. Napendekeza milango irudishiwe rangi zake, na vibao vyao vya zamani vipandishwe. Na ule ukuta uliobaki uachwe."

Bwana Chapa hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtabasamia kama mtu anayemtabasamia mtoto aliyemwaga maji mbele ya wageni.

"Una uchungu na mtaa wako, nakuelewa. Hata mimi nimetoka mtaa kama ule. Lakini uzinduzi uko karibu, wapiga picha wanakuja, na picha ya mtaa mzima haiwezi kuwa na shimo katikati. Halafu, dada yangu, mbona huo ukuta umeshamalizika?" Akatoa karatasi kwenye jalada akaiweka mezani. "Nilipita juzi ukiwa chuoni. Mama yako amesaini. Mama mkarimu sana, amenikaribisha hata kiti. Wanapaka kesho asubuhi. Na keshokutwa wewe njoo uchukue barua yako ya ajira."

Maswali aliitazama sahihi ya mama yake, herufi zimeegemeana kama watu wazima kwenye foleni ndefu. Akakusanya karatasi zake, akatoka bila swali hata moja.

Mhadhiri alimfuata kwenye ngazi. Chupa ilikuwa bado mkononi mwake. "Utafaulu," alisema. "Utafiti wako ni safi, siwezi kukunyima alama. Ila ripoti, iandike kwa lugha laini kidogo. Andika changamoto badala ya hasara. Mapendekezo yale yapunguze. Usijifungie mlango kwa mikono yako mwenyewe."

"Mwalimu, ungekuwa wewe ungepunguza?"

Alifikiri, na la kumsifu ni kwamba alijibu kweli. "Nimekuwa nikipunguza maisha yangu yote."

"Basi mimi ripoti yangu itabaki ilivyo," akasema Maswali, akashuka ngazi, akapitia chuoni kuikabidhi.

Alimkuta mama yake dirishani, anapiga pindo la sketi. Hakusalimia.

"Mama, umesaini."

"Shikamoo imepotelea wapi?"

"Shikamoo, mama. Umesaini."

"Marahaba. Nimesaini. Yule kijana kaniambia bila ukuta huu kazi yako haikamiliki. Nikamwambia, lete."

"Hukuniuliza."

"Kwani wewe ukiuliza mambo yako huwa unaniuliza mimi kwanza?" Mama aliinua kichwa. "Kaa chini, unanisimamia kama askari. Sikiliza. Ukuta ni ukuta. Ukuta haukukusomesha. Nimeinama kwenye chombo hiki mpaka shingo imechukua umbo lake, ili wewe usiiname. Sasa anakuja mtu na ofisi na kiti na bima, anataka chokaa tu, halafu nimnyime? Nimekuwa kichaa?"

"Watu watapotea kabisa, mama. Wote wanaelekezana kwa gauni lako."

"Watapotea, watauliza. Midomo wanayo."

"Mwenye mtoto wa homa atauliza mara ngapi?"

Mama alikuwa amesikia habari za mtoto yule, mtaa mzima ulikuwa umesikia. Lakini alirudi kwenye pindo lake. "Hilo la homa nimelisikia, na limeniuma. Ila mimi nina mtoto mmoja, na mtoto wangu ni wewe. Ukuta ni wangu, nitaupaka nipendavyo. Kazi ni yako, wewe nenda ukafanye. Mazungumzo yameisha."

Na kweli yaliisha, maana mama alianza kukanyaga cherehani, na cherehani ile ikianza hakuna anayesikilizana. Maswali alikaa kwenye cherehani ya pili, mikono mapajani, akiigeuza geuza ile kauli kichwani. Ukuta ulikuwa wa mama yake, kweli, hakuwa na haki ya kuugusa wala kuukatalia. Mama alikuwa ameuuza, na alijua bei yake. Hapo alibaki napo kwa muda mrefu, akitazama vumbi la nyuzi likielea kwenye mwanga wa dirisha.

Wapaka rangi walifika asubuhi wakati maduka yanafunguliwa. Ngazi ikaegemezwa ukutani, pipa likafunguliwa, harufu ya rangi ikajaa njiani. Kinyozi alitoka na taulo begani. Fundi viatu alitoka akasimama mlangoni pake, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na utani. Mama Maswali alikuwa ameshatoa kiti nje kuwapisha, ameshika fagio kana kwamba ni siku ya kawaida ya usafi.

"Tuanze, mama?" aliuliza kiongozi wa wapaka rangi, mwanaume mpole mwenye matone ya zambarau hata kwenye nyusi, akiwa ameshapanda ngazi.

"Anzeni, mwanangu."

"Subiri kidogo, kaka," akasema Maswali. "Niruhusu nipige simu moja."

Mama alimgeukia. "Simu ya nani?"

Maswali aliweka simu kwenye sauti kubwa, akaishika mbele yake kama mtu anayeshika sahani, watu wote wasikie. Ikaita. Bwana Chapa akapokea kwa uchangamfu wake wa kila siku. "Dada yangu! Wameshafika?"

"Wamefika, kaka. Nakupigia kukuambia kwamba ile nafasi siitaki. Usiandike barua."

"Nini? Hebu ngoja, unasema nini?"

"Nasema kazi siichukui. Upake ukuta wa mama yangu au usiupake, siichukui. Kesho sitakuja, na mwezi ujao sitakuja. Ripoti yangu nimeshaikabidhi chuoni jana jioni kama nilivyoisema mezani kwenu, haikupungua neno."

"Unajitupia bahati yako mwenyewe! Unajua wangapi wanaitafuta nafasi hiyo?"

"Wapo wengi. Mpe mmoja wao. Lakini usimtume mtaani kwao."

Akakata simu. Kilichosikika ni pipa tu, kijana wa wapaka rangi akilikoroga kwa mti bila kujua kama aache. Mama alikuwa amesimama na fagio lake. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa furaha.

"Umeikataa," alisema polepole.

"Nimeikataa, mama."

"Mbele za watu."

"Ili usimpigie baadaye ukamwambia nilikuwa natania."

Fundi viatu alikohoa, akaufunika mdomo. Mama alimtupia jicho. Halafu alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa namna anavyowatazama watu wenye picha za kwenye simu, kuanzia mabegani hadi miguuni. Macho yalikuwa yamejaa maji lakini hayakumwagika. Hakuwa mwanamke wa kumwaga vitu njiani.

"Mama," kiongozi wa wapaka rangi akaita kwa upole kutoka juu ya ngazi, burashi ikidondosha rangi. "Sisi tufanyeje? Karatasi umesaini."

"Nilisaini kwa ajili ya kazi ya mtoto. Umesikia mwenyewe, kazi hakuna."

"Bosi atauliza."

"Mwambie nimekataa. Akitaka kuniuliza, hapa anapafahamu." Akapiga ngazi kwa mpini wa fagio. "Haya, shukeni, baba. Mmeniziba mwanga na nina nguo za watu."

Wakashuka. Ngazi ikabebwa, pipa likafunikwa, na mahali rangi ilipokuwa imedondokea palibaki alama za zambarau chini ya dirisha, ambazo mama alizifuta kwa kitambaa cha mafuta, kwa hasira, mpaka chokaa ikachubuka. Kinyozi alirudi ndani. Fundi viatu alitaka kusema kitu, akaona uso wa jirani yake, akaamua nyundo ina kazi.

"Na wewe," mama akamwambia Maswali bila kugeuka, "usisimame hapo kama bango. Ingia ndani."

Akaingia. Mama alimrushia shati la shule lililochanika kwapani, naye akalidaka, akalipeleka kwenye cherehani ya pili, akatafuta uzi wa rangi yake. Wateja wakaja, wakapimwa, wakaondoka, na kila aliyeuliza habari za asubuhi alijibiwa kwa adabu na kwa ufupi.

Karibu na mchana mama akasimamisha mguu wake.

"Kesho unaanza kutafuta kazi nyingine."

"Naanza, mama."

"Masoko hayo hayo uliyoyasomea. Sitaki kukuona umeganda hapa kwangu."

"Masoko hayo hayo."

"Na ukikuta nyingine ya namna ile? Yenye vioo?"

Maswali alikata uzi kwa meno, akaligeuza shati upande wa nje, akaulaza mshono kwa kidole gumba.

"Nitaikataa hiyo nayo."

Mama akakanyaga cherehani kwa nguvu, ili asisikie zaidi.